Alkili halidi: florini ndiyo inayovuta elektroni kuliko zote, mbona ndiyo isiyobanduka?

Mwalimu_Mkomani

Salaam aleikum wadau. Uzi huu ni wa watu wa kemia ogania, hasa vijana wa mwaka wa kwanza chuoni. Wengi wanaoniletea daftari zao hapa Amu (Lamu) wamekariri jedwali la alkili halidi neno kwa neno, lakini ukiwatupia swali moja tu wanakwama. Swali lenyewe ni hili: katika halojeni zote florini ndiyo yenye uchu mkubwa wa elektroni, na bondi yake na kaboni imeelemea upande mmoja vibaya sana. Basi kwa nini floroalkani hazitaki kumenyuka, na iodoalkani, ambazo bondi yake haina mwelemeo wa maana, ndizo zinazoachana upesi?

Tuanze na umbo. Chukua alkani, ng'oa haidrojeni moja, weka florini, klorini, bromini au iodini mahali pake. Umepata R–X, yaani alkili halidi: R ni mnyororo wa kaboni uliobaki, X ni halojeni. Sharti ni kwamba kaboni iliyoishika halojeni iwe na bondi moja moja pande zote nne. Hapa ndipo watu wanapochanganya. Kloroetheni, ile inayotengenezewa plastiki ya PVC, si alkili halidi, kwa kuwa klorini yake imekaa kwenye kaboni yenye bondi maradufu. Klorobenzini nayo haimo. Lakini kloroetheni ikishaungana ikawa bomba la PVC, zile bondi maradufu zimekwisha, na kila klorini sasa iko kwenye kaboni ya kawaida. Kwa hiyo bomba la maji lililopita ukutani kwako ni alkili halidi, tena ndefu kweli kweli. Ukilichoma pamoja na taka linatoa moshi unaokaba koo: hiyo ni HCl inayochomoka, na nyuma yake zinabaki bondi maradufu. Wenye mtihani wataona hapo kwamba ni ilimineshini, ile ile ya kitabuni.

Aina zake zinapangwa kwa njia mbili. Unaweza kuhesabu halojeni: moja kama klorometani (CH3Cl), mbili kama diklorometani, tatu kama klorofomu, nne kama tetraklorometani. Au unaangalia kaboni iliyoshika halojeni imepakana na kaboni ngapi: moja ni daraja la kwanza, mbili daraja la pili, tatu daraja la tatu. Njia ya kwanza inakusaidia kutaja jina. Ya pili ndiyo inayokuambia kitu kitafanya nini, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kukaa nayo.

Tabia za kuonekana kwa macho si nyingi. Kadiri halojeni inavyokuwa kubwa, kiwango cha kuchemka kinapanda: klorometani inachemka kwenye nyuzi −24, bromometani karibu na 4, iodometani 42. Ukiweka matawi kwenye mnyororo kinashuka: 1-bromobutani 101, 2-bromobutani 91, na 2-bromo-2-methilipropani 73, ilhali zote tatu ni C4H9Br. Molekuli ikijikunja duara inagusana na jirani zake kidogo. Nyingi haziyeyuki kwenye maji, na zile zenye bromini, iodini au klorini nyingi ni nzito kuliko maji. Klorofomu ina gramu 1.49 kwa kila mililita, kwa hiyo kwenye faneli ya kutenganishia usitafute tabaka lake juu. Liko chini.

Sasa jibu la swali. Vunja bondi ya C–F kwenye florometani, utalipa karibu kilojuli 450 kwa moli. C–Cl ni karibu 350, C–Br 290, C–I 240 au pungufu. Urefu nao unaongezeka kwa mpangilio huo huo: pikomita 139, 178, 193, 214. Florini ni ndogo, imejibana na kaboni. Iodini ni kubwa, elektroni zake ziko mbali, inashikilia kwa ncha za vidole tu. Tena ikishatoka, ayoni ya iodidi inakaa peke yake bila shida kwa kuwa chaji yake imetandazwa kwenye mwili mkubwa. Ushahidi mnao tangu sekondari: HI ni asidi kali sana, HF ni asidi dhaifu. Kinachoachana na haidrojeni kwa urahisi ndicho kinachoachana na kaboni kwa urahisi.

Mwelemeo wa bondi unaeleza kwa nini mshambulizi anakuja kwenye kaboni ile na si nyingine. Lakini mbio za mmenyuko zinaamuliwa na nguvu ya bondi na utulivu wa kile kinachotoka. Ukiyatenganisha haya mawili, mada yote inakufungukia. Karibuni kwa maswali.

BintiLangoni

Shikamoo mwalimu. Hapo pa nguvu ya bondi nimepaelewa. Ninaposhindwa ni SN1 na SN2, zile njia mbili za mshambulizi kuchukua mahali pa halojeni. Tumeambiwa daraja la kwanza linakwenda SN2, la tatu SN1, la pili "inategemea". Inategemea nini? Na kwa nini isiwe kinyume?

Mwalimu_Mkomani

Marahaba mwanangu. Wewe ni wa Langoni, vichochoro vya Mkomani unavijua. Punda aliyebeba mawe yumo ndani ya kichochoro, na mwingine mwenye mzigo anataka kuingia. Kichochoro kikiwa na upenyo nyuma, wa pili anaingia kwa nyuma huku wa kwanza anatokea mbele, kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni SN2. Kikiwa kimebanwa na kuta tatu, haipiti: lazima wa kwanza atoke kabisa ndipo wa pili aingie. Hiyo ni SN1.

Niuache mfano, nirudi kwenye molekuli. Kwenye SN2 nyukliofaili (yule mshambulizi anayekuja na elektroni zake), tuseme OH⁻, inakuja upande ulio kinyume na halojeni. Bondi mpya inajifunga wakati ile ya zamani inavunjika, kwa hatua moja, ndiyo maana mwendo wake unategemea wingi wa vyote viwili. Kaboni inapinduka, mambo haya ya kupinduka Paul Walden aliyaona tangu 1896, kabla hata hatua zenyewe hazijaeleweka. Vikundi vya methili vikijaa nyuma, OH⁻ haipati njia. Kwa hiyo methili ni ya haraka kuliko zote, kisha daraja la kwanza, la pili linasuasua, la tatu haliendi.

Kwenye SN1 halojeni inaondoka kwanza yenyewe, inabaki kabokationi, yaani kaboni yenye chaji chanya. Hii ndiyo hatua ya polepole, na haiijali nyukliofaili hata kidogo. Kabokationi yenye vikundi vitatu vya alkili inasukumiwa elektroni kutoka pande tatu, kwa hiyo inavumilika. Ya daraja la kwanza haivumiliki. Ndiyo sababu haiwezi kuwa kinyume.

"Inategemea" ya daraja la pili ni hii: kiyeyushi na mshambulizi. Maji na ethanoli zinazizunguka ayoni na kuzituliza, zinaisaidia SN1. Asetoni haizishiki ayoni hasi, inaziacha huru zishambulie, inaisaidia SN2. Na mshambulizi akiwa besi kali, kukawa na moto, hutapata mbadilisho tena, utapata ilimineshini. Bromoethani na NaOH ndani ya maji inatoa ethanoli. Bromoethani ile ile na KOH iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, ukachemsha, unaanza kupata etheni. Kwa 2-bromobutani sehemu kubwa inakuwa buti-2-eni, buti-1-eni kidogo, kwa kanuni ya Zaitsev: bondi maradufu inapenda kukaa pale penye vikundi vingi.

FundiBaridi

Mwalimu salaam. Mimi si mtu wa chuo, mimi ni fundi wa friji na mabarafu ya wavuvi, lakini uzi huu nimeusoma wote kwa sababu mnazungumzia gesi zangu. Zamani tulikuwa na taa ya kutafutia uvujaji. Inawashwa kwa gesi, ndani ina kipande cha shaba, na ina mpira mrefu unaoupitisha kwenye maungio ya mabomba. Penye uvujaji mwali unageuka kijani, kukiwa na nyingi unakuwa buluu kabisa. Ilikuwa inaikamata R-12 na R-22 bila kukosea. Zilipokuja friji za R-134a taa ikawa haioni kitu, na gesi unaisikia inavuma! Ikabidi turudi kwenye povu la sabuni. Hapa Lamu hewa ya chumvi inakula mabomba, kwa hiyo uvujaji ndio mkate wetu. Kwa nini taa ikafa?

MsomiKilifi

Nadhani jibu liko pale juu: R-134a ni florini tupu, bondi ya C–F ni ngumu, mwali haukuweza kuivunja.

Mwalimu_Mkomani

Bwana fundi, swali lako limeupa uzi huu thamani. Taa yako ni jaribio la Beilstein, alilolitangaza Friedrich Beilstein mwaka 1872, na mpaka leo wanafunzi wanalifanya kwa waya wa shaba na kichomeo cha maabara.

MsomiKilifi, umekaribia lakini siyo hapo. R-134a ni 1,1,1,2-tetrafloroethani. Ndani ya mwali inavunjika, tena inatoa HF ambayo ni sumu mbaya. Lakini rangi ile haitoki kwenye halojeni, inatoka kwenye shaba. Klorini ikikutana na shaba ya moto inafanya kloridi ya shaba, ambayo inakuwa mvuke na kuingia kwenye mwali, ndipo unaona kijani. Floridi ya shaba haigeuki mvuke kwenye joto hilo. Inabaki palepale, mwali hauna habari. R-12 (CCl2F2) na R-22 (CHClF2) zote zina klorini, ndiyo maana zilikamatwa.

Na tahadhari kwa mafundi wenzako: gesi yenye klorini ikipita kwenye mwali inaweza kutoa fosjini, sumu iliyoua watu kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ukiona mwali umekolea rangi, chumba kiwe na madirisha wazi. Friji mpya zenye R-600a ni isobutani, hiyo si alkili halidi hata kidogo, ni gesi inayowaka. Huko taa ya moto usiisogeze kabisa.

Sasa niseme kwa nini R-12 iliondolewa, maana ni bondi zile zile. R-12 haina haidrojeni. Huku chini angani kuna radikali za OH zinazosafisha hewa kwa kunyofoa haidrojeni. Kwa R-12 hazina pa kushika. Inadumu karibu miaka 100, inapanda taratibu hadi stratosfia, tabaka la juu la hewa lenye ozoni. Kule miale ya urujuanimno inavunja ile bondi dhaifu zaidi, C–Cl, na C–F inabaki. Atomi ya klorini iliyoachwa huru inaivunja ozoni, inajirudisha, inavunja tena, maelfu ya mara. Mario Molina na Sherwood Rowland waliliandika hili mwaka 1974, wakabezwa na wenye viwanda. Mwaka 1985 Waingereza wakatangaza tundu la ozoni juu ya Antaktika, na 1987 ukatiwa sahihi Mkataba wa Montreal wa kuziacha gesi zinazoharibu ozoni. Molina na Rowland wakapata Nobeli 1995 pamoja na Paul Crutzen. Sekretarieti ya mkataba huo iko Nairobi hapa hapa kwetu, jambo ambalo wanafunzi wengi wa Kenya hawalijui.

R-22 ina haidrojeni moja, kwa hiyo OH inaipata, nayo hudumu miaka 12 hivi. Inaharibu ozoni kidogo tu, lakini inaharibu. Nchi zetu zimepangiwa kuiacha ifikapo 2030, kikibaki kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. R-134a haina klorini kabisa, ozoni haiigusi. Ila inahifadhi joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi kilo kwa kilo, ndiyo sababu mkataba ule ukaongezewa nyongeza ya Kigali mwaka 2016.

Mjukuu_wa_Nahodha

Kwenye filamu mtu anafunikwa kitambaa cha klorofomu, sekunde mbili yuko chini. Ni kweli au ni mambo ya sinema?

Mwalimu_Mkomani

Sinema. Inachukua dakika kadhaa za kuvuta mfululizo, na kipimo cha kulaza hakiko mbali na kipimo cha kuua. Daktari James Young Simpson aliitumia kwa wanawake wanaojifungua kule Edinburgh mwaka 1847, na Malkia Victoria akapewa alipojifungua 1853, ikawa fasheni. Ikaachwa kwa sababu ya moyo na ini. Baadaye Charles Suckling akatengeneza halothani, dawa nyingine ya kulaza wagonjwa, mwaka 1951. Angalieni umbo lake: CF3CHBrCl. Florini tatu upande mmoja zinaipa uthabiti na kuizuia isiwake kama etha. Alijua anachofanya.

Klorofomu ya maabara hutiwa kwenye chupa ya kahawia na ethanoli kidogo ndani. Mwanga na hewa vinaigeuza fosjini. Ethanoli inaidaka kabla haijaleta madhara.

Chumvi_Gongoni

Salaam kutoka upande wa Malindi. Sisi tunaishi na chumvi, mabwawa yanaanza hapa Gongoni yanakwenda mpaka Marereni. Hii klorini yetu na hiyo ya klorobutani ni moja? Na je, baharini hizi alkili halidi zipo au ni za viwandani tu? Halafu kuna dawa ya bromini iliyokuwa ikipigwa kwenye mashamba ya maua na maghala, ilikwenda wapi?

Mwalimu_Mkomani

Atomi ni ile ile, makao ndiyo tofauti. Kwenye chumvi ni ayoni Cl⁻ iliyo huru ikishayeyuka. Tia nitrati ya fedha, unga mweupe unatokea hapo hapo. Kwenye klorobutani imefungwa kwa kaboni; tia nitrati ile ile, utakaa unaangalia maji. Ndiyo maana maabara tunachemsha kwanza na NaOH ili halojeni itoke, kisha tunatia asidi ya nitriki kuiua ile NaOH, maana ikibaki itatoa unga wake wa kahawia ukupoteze. Ndipo nitrati ya fedha: mweupe ni klorini, unayeyuka kwenye amonia hafifu, rangi ya malai ni bromini, unataka amonia kali, manjano ni iodini, hauyeyuki kwa amonia yoyote. (Msiende kuwasumbua masonara wa Lamu, fedha yao ina bei.)

Baharini zipo, tena nyingi. Mwani unatengeneza bromofomu, na iodometani inatoka baharini kuingia hewani kila siku. Lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 65 hivi za bromidi, kwa hiyo mwani una malighafi ya kutosha. Klorometani hutoka kwa wingi kwenye bahari na mimea ya nchi za joto kuliko viwandani.

Dawa yako ni bromometani, CH3Br. Inachemka karibu na nyuzi 4, kwa hiyo ukiifungua ardhini au chini ya turubai inakuwa gesi na kupenya kila tundu. Inaua kwa kemia ile ile ya SN2: kikundi cha methili hakina kuta, bromidi inatoka kirahisi, basi protini za mdudu zinapachikwa methili na kuharibika. Protini zako pia, haichagui. Lakini bromini ikifika juu inaidhuru ozoni kuliko klorini, atomi kwa atomi. Nchi zilizoendelea ziliacha 2005, zinazoendelea 2015, isipokuwa kwa karantini ya mizigo ya kusafirishwa.

MsomiKilifi

Mwalimu, upande wa matumizi ya maabara, kutengeneza kitendanishi cha Grignard (R–MgBr) kunatushinda. Tunafuata maelekezo yote, magnesiamu imo, bromobutani imo, etha imo, na hakuna kinachotokea.

Mwalimu_Mkomani

Mko Pwani, kijana, unyevu ndio adui. R–MgBr ikikutana na maji inageuka alkani na kazi imekwisha. Vyombo vikaushwe kwenye tanuri na vipoe bila kuachwa wazi, etha ikaushwe, na mdomoni mwa kondensa pawe na kloridi ya kalsiamu. Magnesiamu iliyokaa huwa imevaa oksaidi. Isugue au tia punje ya iodini, ukiona rangi ya kahawia inapotea ujue uso umefunguka. Victor Grignard aliitangaza 1900 akapata Nobeli 1912, na sababu ni kwamba inaigeuza kaboni: ile iliyokuwa ikishambuliwa sasa ndiyo inayoshambulia. Ukitaka kuunganisha kaboni na kaboni, njia ya kawaida bado inaanzia kwenye alkili halidi.

Kabla sijalala, swali kwa vijana. 1-bromo-2,2-dimethilipropani ni ya daraja la kwanza, hilo halina ubishi. Ipe ethoksaidi, nyukliofaili kali, ifanye SN2. Itakwenda?

BintiLangoni

Itakataa mwalimu. Kaboni yenye bromini iko wazi, lakini ya jirani yake ina methili tatu, na methili hizo zinaziba upande wa nyuma. Nikihesabu daraja peke yake nitasema inakwenda.

Mwalimu_Mkomani

Ahsante. Ni ya polepole kuliko bromoethani zaidi ya mara 100,000. Na ukiilazimisha kwa nitrati ya fedha ili bromini itoke, methili moja inahamia kwenye kaboni inayoachwa na bromini wakati huo huo, kabokationi inakuwa ya daraja la tatu, na alkoholi utakayopata itakuwa 2-methilibutani-2-oli. Chora hatua zake uweke hapa, tuzikague.